Nchi ya Mito Miwili na Mambo Tuliyorithi Kwake

Fundi akikuambia, "Ningoje dakika kumi," humwulizi kwa nini saa moja imegawanywa mafungu 60, wala si 50 wala 100. Hata mtoto wa darasa la pili hukubali tu kwamba ndivyo ilivyo. Lakini hesabu hiyo ina asili yake. Sisi twahesabu kwa makumi kwa kuwa tuna vidole kumi. Wazungu vivyo hivyo, na Waarabu vivyo hivyo. Hesabu ya sitini ilitoka kwa watu waliokufa zamani sana, ambao lugha yao ya kwanza haisemwi tena na mtu ye yote chini ya jua. Habari za watu hao ndizo nitakazo kuwaeleza leo. Na mkivumilia mtaona kwamba hata maneno kadhaa ya Kiswahili chetu yametoka katika udongo wao.

Nchi yenyewe ndiyo iitwayo Iraki. Wasomaji wa Biblia waijua mito yake kwa majina ya Hidekeli na Frati. Waarabu huiita Dijla na Furati. Yote miwili huanza katika milima ya Uturuki, nayo huteremka kusini hata kuingia katika Ghuba. Frati ndio mrefu zaidi, yapata kilometa 2,800; Hidekeli ni kama kilometa 1,900. Wayunani waliiita nchi ile Mesopotamia, maana yake nchi iliyo kati ya mito.

Mtu asidhani kwamba ilikuwa nchi ya neema tangu mwanzo. Upande wa kusini, mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 200, nayo haitoshi kuotesha nafaka. Hakuna mawe ya kujengea, hakuna shaba wala bati, wala miti mikubwa ila mitende, na mtende si mti wa boriti njema. Vilivyokuwako kwa wingi ni vitu vitatu: maji, udongo na matete. Tena maji yenyewe yalikuja wakati mbaya. Mto Nili ulifurika baada ya mavuno, ukaacha tope jipya kabla ya kupanda, hata mkulima wa Misri akamshukuru Mungu wake. Lakini Hidekeli na Frati hujaa theluji ya milimani inapoyeyuka, mwezi wa Aprili na Mei, yaani wakati shayiri inasimama shambani ikingoja mundu. Basi mkulima wa huko alikuwa na kazi mbili zipinganazo: kuyaleta maji alipoyataka, na kuyazuia alipokuwa hayataki.

Wenye mashamba ya mifereji miongoni mwenu, kama Wachaga wa mlimani Kilimanjaro, hawana haja ya kuelezwa maana ya jambo hili. Mfereji si kazi ya mtu mmoja. Lazima wachimbaji wakusanywe, walishwe, wapewe zamu. Na wa juu asiyamalize maji kabla hayajamfikia wa chini. Katika kazi kama hiyo hutokea viongozi, na waamuzi, na ghala ya chakula, na mtu wa kuhesabu kilichoingia ghalani na kilichotoka. Ilipofika miaka kama 3000 kabla ya Kristo, mji wa Uruk, karibu na mto Frati, ulikuwa na makumi ya maelfu ya watu, nao ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya kwanza duniani.

Nimetaja boriti, basi niruhusuni kutoka njiani kidogo. Kwa karne nyingi majahazi ya Ghuba yalikuja pwani yetu kwa pepo za kaskazi yakileta tende za Basra, na kwa kusi yakarudi yamejaa boriti za mikoko ya Lamu na Rufiji. Nyumba nyingi za Ghuba ziliezekwa kwa boriti hizo, nazo zilikata upana wa chumba: chumba hakikuweza kuwa kipana kuliko urefu wa boriti. Nchi ile ilikosa miti wakati wa wafalme wa kale, nayo iliendelea kuikosa hata wakati wa babu zetu.

Watu wa kwanza wa nchi ile tunaowajua kwa jina ni Wasumeri. Lugha yao haina ndugu anayejulikana. Baadaye waliishi pamoja na watu wengine waliosema Kiakadi, lugha iliyo ndugu wa Kiarabu na Kiebrania, na hatimaye Kiakadi kikakimeza Kisumeri vinywani mwa watu. Babeli na Ninawi, miji mliyoisikia katika Maandiko, ilikuwa miji ya Kiakadi.

Sasa nije kwenye jambo lililo kubwa kupita yote, nalo ni kuandika. Yapata mwaka 3300 au 3200 kabla ya Kristo, huko Uruk, watumishi wa hekalu walianza kutia alama juu ya vibao vya udongo mbichi kwa ncha ya utete. Na mwadhani waliandika nini? Si mashairi, wala sala, wala sifa za mfalme. Waliandika shayiri kiasi gani, kondoo wangapi, pombe mitungi mingapi, na nani amepewa posho yake. Kuandika kulizaliwa ghalani. Karani mwenye daftari ya stoo, ambaye watu humdharau kwa kuwa si mshairi, ndiye mzee wa waandishi wote.

Mwanzo alama zao zilikuwa picha: kichwa cha ng'ombe, suke la shayiri, bakuli. Lakini kuchora mviringo juu ya udongo ni taabu, kwa kuwa udongo hukwaruzika. Wakaona ni rahisi zaidi kuubonyeza utete, ukaacha alama iliyo pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili, mfano wa kabari ya kupasulia kuni. Kwa hiyo mwandiko ule huitwa mwandiko wa kabari. Tena waligundua jambo la ajabu zaidi: alama yaweza kusimama badala ya sauti, si badala ya kitu tu. Hapo ndipo jina la mtu, na neno la huzuni, na amri, vilipoweza kuandikwa. Mwandiko huo ulitumika zaidi ya miaka 3,000. Vibao vya mwisho tunavyovijua, navyo ni vya elimu ya nyota, viliandikwa yapata miaka 75 baada ya kuzaliwa Kristo. Herufi zetu hizi za Kirumi hazijafikia umri huo.

Utete ule umetuachia kumbukumbu katika lugha. Kwa Kiakadi tete liliitwa *qanu*. Wenye elimu ya lugha husema kwamba neno hilo lilihamia kwa Wayunani, kwao likawa jina la fimbo iliyonyoka ya kupimia, kisha likawa jina la kipimo cha haki; Waarabu wakalichukua likawa *qanun*, nasi tukalipokea kwao tukasema kanuni. Vivyo hivyo mbegu ya ufuta, ambayo wengi huiita simsim: Wakaldayo wa kale waliiita kwa jina lenye maana ya mmea wa mafuta, na mlio wa jina hilo ungali unasikika mtu anaposema simsim sokoni.

Nami kwa kuwa kazi yangu ni kuwafundisha walimu, mtaniwia radhi nikikaa kidogo katika habari za shule. Wasumeri waliiita *edubba*, yaani nyumba ya vibao. Katika mji wa Nippur wachimbuaji waliifukua nyumba ndogo mwaka 1951 na 1952 wakakuta humo vibao vya wanafunzi zaidi ya elfu moja, vya miaka kama 1740 kabla ya Kristo. Haikuwa jumba la kifalme. Ilikuwa nyumba ya kawaida, na wanafunzi walikaa uani. Vibao vya wanaoanza vilikuwa mviringo mfano wa kitumbua. Mwalimu aliandika mstari mmoja au miwili, na mtoto akaunakili chini yake au upande wa nyuma. Ukitazama waona mara moja mkono wa mwalimu ni upi na wa mtoto ni upi! Kazi ikiisha, kibao kiliponyeshwa maji, kikakandwa, kikafanywa kipya. Sisi tulioanza kuandika kwa kidole mchangani, na baadaye juu ya kibao cha mawe, twaielewa shule hiyo vizuri.

Iko hadithi ya Kisumeri ya mwanafunzi mmoja, ambayo mtaalamu Samuel Noah Kramer aliitangaza mwaka 1949. Mtoto huyo alipigwa fimbo siku moja mara nyingi: kwa kusema darasani, kwa kusimama bila ruhusa, kwa kutoka mlangoni, kwa mwandiko mbaya, na kwa kutosema Kisumeri. Jambo la mwisho lastahili kuangaliwa. Wakati ule Kisumeri hakikuwa tena lugha ya nyumbani. Mama zao walisema Kiakadi. Kilikuwa lugha ya shule na ya vitabu, na mtoto aliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama yake. Wako miongoni mwenu waliosoma shule ambako aliyesema lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni mpaka jioni. Basi mjue kwamba desturi hiyo si mpya, wala ukale wake hauifanyi kuwa njema. Katika hadithi ile mtoto alimwomba baba yake amwalike mwalimu nyumbani. Mwalimu akaketishwa mahali pa heshima, akalishwa, akavikwa nguo mpya na pete kidoleni, na mara akaona kwamba mtoto yule ana akili nyingi. Siwaambii wazazi mwige.

Baada ya mwandiko wa kabari kusahauliwa, vibao vilikaa kimya chini ya vichuguu vya udongo karibu miaka 1,800. Mwingereza Henry Rawlinson, tangu mwaka 1835, alipanda jabali la Behistun huko Uajemi akinakili maandishi ya mfalme Dario yaliyochongwa kwa lugha tatu. Wengine walifanya kazi kwao Ulaya, na hapana aliyefanya zaidi kuliko kasisi mmoja wa Ireland, Edward Hincks, ingawa jina lake halikupata sifa kama la Rawlinson. Watu wengi walisema ni ubunifu mtupu. Basi mwaka 1857 chama cha wanachuoni huko London kiliwapokea watu wanne tafsiri za maandishi mamoja, kila mtu akiwa ametafsiri peke yake, nazo zikiwa zimefungwa kwa lakiri. Bahasha zilipofunguliwa, tafsiri zilipatana katika mambo makubwa. Tangu siku hiyo ikajulikana kwamba wafu wa Babeli wanaweza kusemeshwa.

Nirudie hesabu. Wasumeri na Wababeli walihesabu kwa sitini, na hiyo si hesabu ya kijinga. Jaribu kuwagawia watu shilingi 10 sawasawa: utaweza wakiwa wawili, au watano, au kumi, wakiwa watatu au wanne utaanza kutafuta senti. Lakini 60 yagawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 4, kwa 5, kwa 6, kwa 10, kwa 12, kwa 15, kwa 20, na kwa 30. Kwa mgawaji wa posho hapana hesabu iliyo bora. Hata mizani yao ilifuata hivyo: shekeli 60 zilifanya mina moja, na mina 60 zilifanya talanta moja.

Zaidi ya hayo walivumbua thamani ya mahali. Sisi tukiandika 1 na 1 ubavuni mwake twasoma kumi na moja, kwa kuwa ile ya kushoto ni kumi. Wao wakiandika hivyo walisoma sitini na moja. Njia ni moja, na ndiyo iliyomwezesha mwanafunzi wao kufanya hesabu kubwa kwa alama mbili tu. Kiko kibao kidogo cha kushikwa mkononi, yaelekea cha mwanafunzi, cha miaka kama 1800 hadi 1600 kabla ya Kristo, chenye picha ya mraba uliokatwa pembe kwa pembe. Juu ya mstari ule wa kati imeandikwa hesabu ya urefu wake ukilinganishwa na ubavu mmoja wa mraba, nayo haikosei hata sehemu moja katika milioni. Hayo yalifanyika zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Pythagoras, Myunani ambaye wanafunzi hufundishwa jina lake.

Wayunani wa elimu ya nyota walizichukua hesabu za Babeli. Ptolemy wa Iskanderia, aliyeishi karne ya pili baada ya Kristo, aliigawanya duara digrii 360, na kila digrii sehemu 60 ndogo. Waarabu walipovitafsiri vitabu vyake waliiita sehemu hiyo ndogo *daqiqa*, maana yake kitu chembamba. Ndiyo dakika yetu. Wafaransa, wakati wa mapinduzi yao, walijaribu kuiondoa desturi hii: mwaka 1793 walitoa amri kwamba siku iwe na saa 10, na kila saa iwe na dakika 100. Mwaka 1795 wakaiacha. Walimkata mfalme wao kichwa, lakini sitini ya Wasumeri iliwashinda.

Katika sheria nitasema machache, ila hayo machache yatazamwe vizuri. Hammurabi alitawala Babeli tangu mwaka 1792 hata 1750 kabla ya Kristo, nazo sheria zake, kama 282, zilichongwa juu ya jiwe jeusi lipitalo kimo cha mtu. Mfalme mmoja wa Elamu aliliteka akalipeleka Susa, na huko Wafaransa walilifukua mwishoni mwa mwaka 1901 na mwanzo wa 1902. Sasa liko Paris katika jumba la Louvre. Watu wengi wajua neno moja tu la sheria zile, yaani jicho kwa jicho. Wala halikuwa jipya wala la haki kwa wote. Zaidi ya miaka 300 kabla yake, sheria za Ur-Nammu, mfalme wa Uru, ziliagiza kwamba mwenye kumtoa mtu jicho alipe fedha. Hammurabi aliagiza jicho kwa jicho kwa mwungwana peke yake. Aliyemtoa jicho mtu wa chini alilipa mina moja ya fedha, kama nusu kilo. Aliyemtoa jicho mtumwa alilipa nusu ya bei ya mtumwa huyo. Hata mganga aliyemponya mtu kwa kisu alipata shekeli 10 kwa mwungwana, 5 kwa mtu wa chini, na 2 kwa mtumwa. Na huyo mtu wa chini jina lake katika jiwe ni *mushkenum*. Neno hilo lilipita kwa Waaramu likafika kwa Waarabu, na kwa Waarabu likafika kwetu: maskini. Kila tulitamkapo twatamka neno la hukumu ya Babeli.

Lakini iko sheria nyingine ambayo mimi naipenda kuliko ile ya jicho. Mkulima mwenye deni, kama mafuriko yameharibu shamba lake, au maji yamekosekana asivune, mwaka huo halipi nafaka kwa mdai wake: hukilowesha kibao cha mapatano yao, wala riba ya mwaka huo haihesabiwi. Na mtu aliyekuwa mvivu wa kuitengeneza kingo ya mfereji wake, maji yakapasua na kuharibu mashamba ya jirani, lazima alipe nafaka yote iliyopotea. Asipokuwa nayo, yeye na mali yake watauzwa, na majirani wagawane bei.

Ni mifereji hiyo hiyo iliyoleta balaa iliyo ya kimya kuliko mafuriko. Maji ya mto, ijapokuwa ni matamu kinywani, yana chumvi kidogo. Shamba likinyeshwa, jua hunywa maji na kuiacha chumvi. Likinyeshwa kupita kiasi bila njia ya kuyatoa maji, maji ya chini hupanda karibu na mizizi yakiileta chumvi yake pia, hata ardhi ikawa nyeupe kana kwamba imemwagiwa unga. Shayiri huvumilia chumvi kuliko ngano, kwa hiyo kusini mwa nchi shayiri ndiyo iliyokuwa chakula chao kikubwa. Wakulima walijua dawa yake, yaani kuliacha shamba lipumzike. Bali mtawala atakaye kodi hapendi kuona shamba limelala.

Katika karne ya tisa baada ya Kristo, katika nchi ya Basra, matajiri walikuwa na ardhi kubwa iliyofunikwa na gamba la chumvi, nao walitaka iondolewe ili walime. Kazi hiyo waliwapa watumwa, maelfu kwa maelfu, kulichimba gamba lile na kulirundika vilima vilima juani. Wengi wao waliitwa Zanji, jina ambalo Waarabu waliwapa watu weusi wa pwani ya Afrika ya Mashariki, nalo limo hata sasa katika jina la Zanzibar. Mwaka 869 waliasi, wakiongozwa na mtu aliyeitwa Ali bin Muhammad. Mwaka 871 waliuteka mji wa Basra. Walijijengea mji wao, wakapiga fedha zao, nao wakapigana na majeshi ya Khalifa miaka 14, mpaka mji wao ukavunjwa mwaka 883. Vita ile ilikuwa ya ukatili pande zote mbili, nami sitaipamba. Bali baada yake wenye mashamba wa Basra hawakukusanya tena watumwa wengi namna ile kwa kazi ya chumvi.

Upande wa mabwawa ya matete, mito inapokaribia kukutana, bado wako watu wajengao nyumba kubwa kwa matete matupu, yaliyofungwa mafungu mazito kama nguzo na kupindwa kuwa tao. Baada ya maasi ya mwaka 1991 serikali ya Saddam Hussein iliyakausha mabwawa yale, na watu wengi wakakimbia. Mwaka 2003 wenyeji walizibomoa kuta kwa mikono yao, maji yakarudi, ingawa si yote, kwa kuwa mabwawa makubwa ya umeme yamejengwa huko juu Uturuki. Waliorudi walijenga tena nyumba zao za matete. Nyumba ya namna hiyo imechongwa juu ya hori ya jiwe iliyopatikana Uruk, nayo ina umri wa miaka 5,000: zizi la matete, na kondoo wakielekea mlangoni.